Mama Hamira na meza aliyopokonywa na baridi yabisi

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri, tanuri limeshashika moto na gunia la kwanza la unga limeshafunguliwa, lakini fundi wa mikate hajagusa chochote. Amesimama mbele ya beseni la maji ya uvuguvugu, mikono yote miwili imezama, na anazungumza na vidole vyake.

"Haya, amkeni," anaviambia. "Mmelala vya kutosha. Leo si siku ya kunitia aibu."

Anavikunja polepole chini ya maji, kisha anavifungua. Anavikunja tena. Kidole gumba anakipeleka kikawasalimie wenzake, mmoja mmoja, mpaka kile kidogo cha mwisho. Cha shahada cha mkono wa kulia kinasita njiani. Hakilazimishi. Anakisubiri kama anavyosubiriwa mtoto anayevaa viatu mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Kutoka kwenye beseni anahamia ukutani, vidole vinapanda hatua kwa hatua mpaka mikono imenyooka juu ya kichwa. Halafu anaketi kwenye kiti na kusimama, anaketi na kusimama, bila kushika popote. Mwisho anachukua kipande cha mpira mweusi kilichofungwa kwenye komeo la mlango, anakivuta kuelekea kifuani na kukirudisha.

"Mama, ukimaliza kucheza utuambie tuanze kazi," anamtania mzee wa tanuri, mtu mkimya ambaye maneno yake ya siku nzima huyamaliza kabla jua halijachomoza.

"Wewe chochea moto wako, mimi nachochea wangu," anajibiwa, na kiwanda kizima kinacheka.

Wateja ndio waliombandika jina la Mama Hamira, wakidai kwamba donge lolote analoligusa lazima liumuke. Wapo wachokozi wanaosema jina hilo limetokana na umbo lake. Yeye hakatai. "Mkate mwembamba nani anaununua?" anauliza, na anaendelea kuvuta mpira wake.

Leo ni Jumamosi ya kufa kupona. Mwenye kiwanda, ambaye ni mdogo wa mume wake, amempa oda ya mikate ya msuko kwa ajili ya sherehe ya shule. Akiifikisha bila kuchelewa, anarudishiwa meza ya kuundia mikate, mahali aliposimama sehemu kubwa ya maisha yake. Akishindwa, Jumatatu anaingia fundi mwingine na yeye anabaki kaunta kuuza mikate iliyoundwa na mikono ya watu wengine.

"Shemeji, undugu ni undugu na unga ni unga," mwenye kiwanda alimwambia, na kwa kweli hakuna mtu anayeweza kumlaumu. Gari la shule halisubiri huruma.

Yote yalianza miaka minne iliyopita, na yalianza kwa fundo la gunia. Asubuhi moja Mama Hamira alishindwa kulifungua. Akamwita mzee wa tanuri amsaidie, akacheka, akasema labda waliolifunga walikuwa na hasira. Kesho yake pete ya ndoa ikagoma kutoka. Wiki haikuisha, nyayo nazo zikaanza kuuma, kila hatua akihisi kama anatembea juu ya kokoto.

"Nilisema ni uchovu," anakumbuka. "Sisi watu wa kazi kila kitu ni uchovu. Ukivimba, uchovu. Ukishindwa kushika kikombe, uchovu. Nadhani hata ningekufa ningesema nimechoka kidogo."

Kliniki walimwambia ni baridi yabisi. Walimweleza kwa lugha nyepesi kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na maradhi, imegeuka na kuvishambulia viungo vyake mwenyewe. Akapewa dawa na kuambiwa azinywe bila kuruka, kwa sababu ugonjwa huu ukiachwa unakula viungo kimyakimya.

Na ugonjwa wenyewe una roho mbaya. Unakaza viungo zaidi asubuhi, mtu anapoamka. Mwingine anaweza kusubiri kitandani mpaka mwili ulegee, lakini mwokaji mikate hana asubuhi ya kusubiri. Mikate ya watu inatakiwa iwe mezani kabla hawajatoka kwenda kazini.

Hapo ndipo Mama Hamira alipofanya kosa ambalo pengine mtu wa kazi nyingine asingelifanya.

"Mimi ni mtu wa unga," anaeleza, huku akinyunyizia meza unga mkavu. "Donge likiwa limekaza, unafanyaje? Unalifunika kitambaa, unaliweka penye joto, unaliacha lipumzike. Ukiligusagusa unaliharibu. Basi na mimi nikajifunika."

Alijifunika kweli. Aliomba ruhusa ya kukaa nyumbani, akajilaza kwa miezi na miezi, blanketi mbili juu yake na dirisha limefungwa. Dawa alikunywa, hilo hakulifanyia mchezo, lakini mengine yote aliyaacha. Mume wake, fundi baiskeli mwembamba anayejulikana mtaani kwa jina la Spoki, alimpiga marufuku hata kubeba kikombe. Binti yao alimfunga vifungo, akamchana nywele, akamkatia chakula vipande vidogo. Majirani wakaja kufua.

"Nyumba nzima ilinihurumia mpaka nikakakamaa," anasema.

Spoki, aliyekuja asubuhi hii kumpa mkewe moyo na ambaye ameambiwa asimame mbali na unga kwa sababu ya mikono yake yenye grisi, anainamisha kichwa. "Niliona nampenda," anasema. "Kumbe nilikuwa namfunga kamba."

Dawa zilipunguza uvimbe, lakini mwili uliolala ulikuwa umesahau njia. Misuli ya mapaja ilinywea. Akiketi, kuinuka ilikuwa kesi. Alirudi kiwandani akihema kwa ngazi fupi za mlangoni, na shemeji yake, kwa nia njema kabisa, akamhamishia kaunta. Kipato kikashuka karibu nusu.

"Watu wanadhani kaunta ni kazi ya kupumzika," anasema Mama Hamira. "Jaribu kuokota sarafu kwenye kioo ukiwa na vidole kama vyangu. Mteja anakuangalia, foleni inakuangalia, na sarafu nayo nadhani inakuangalia inacheka."

Lakini si sarafu zilizomuumiza. Kilichomuumiza ni ile meza, ambayo kutoka kaunta aliiona kupitia mlango ulioachwa wazi. Aliona madonge yakikatwa kombo. Aliona mikate ya msuko ikitoka imelegea kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Akameza mate, akarudisha chenji.

Kliniki wakampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alitegemea kumkuta mtu wa makamo mwenye miwani. Akamkuta msichana wa umri wa binti yake, aliyevaa raba, ambaye kila sentensi yake ina neno polepole. Siku hiyohiyo Mama Hamira akamwita Binti Polepole, na hata wauguzi sasa wanamwita hivyo.

Binti alipotamka neno mazoezi, mgonjwa alikuja juu. "Mwanangu, mimi nimekanda unga kabla mama yako hajakuzaa. Mazoezi gani tena unataka kunipa?"

"Kazi inautumia mwili inavyotaka kazi, mama," Binti akamjibu bila kukasirika. "Mazoezi unautumia mwili unavyotaka wewe. Hebu inuka kwenye hicho kiti bila kushika."

Mama Hamira akajaribu. Akajaribu tena, akijisukuma kwa hasira. Kiti hakikumwachia.

"Nililia pale," anasema, na macho yake yanalowa hata sasa. "Si kwa maumivu. Nililia kwa sababu mtoto mdogo ameniambia nisimame, na mimi mtu mzima na akili zangu nimeshindwa kusimama."

Hofu yake ilikuwa ile ya wagonjwa wengi: kwamba kiungo kinachouma kikitumiwa kitasagika. Binti Polepole alimtoa hofu hiyo kidogokidogo. Alimwambia kwamba kwa mtu anayetumia dawa zake na kufanya mazoezi kwa kipimo, mwendo hauli kiungo. Misuli ikiwa na nguvu, inakipokea kiungo mzigo wake. Mwendo unapunguza kukaza, unafukuza ule uchovu mzito unaokuja na ugonjwa, unasaidia moyo na unaleta usingizi.

"Kwa hiyo uchovu dawa yake ni kujichosha?" Mama Hamira aliuliza.

"Kidogo," alisema Binti. "Polepole."

Spoki alipopata habari hizo, hakulala na deni la moyo. Alikwenda kwenye karakana yake, akachukua mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, akaukata, akausugua kwa sabuni mpaka ukaacha kunuka, akamletea mkewe wa kuvutia. Halafu akafanya kubwa zaidi. Akasimamisha baiskeli uani juu ya stendi, gurudumu la nyuma likiwa hewani, akainua usukani na kuweka kiti kipana.

"Mke wangu anasafiri kila jioni," anawaambia wateja wake, "na hajawahi kutoka uani."

Mambo yalianza kunyooka. Mama Hamira aliinuka kwenye kiti bila kushika, akapiga kelele mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna nyoka. Akatembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Akafunga kifungo cha kwanza mwenyewe. Na hapo, kwa furaha, akafanya kosa la pili, nalo pia lilitoka mezani kwake.

"Nilijiambia, donge gumu si ndilo linalokandwa zaidi?"

Basi akajikanda. Mpira aliuvuta asubuhi, mchana na jioni. Baiskeli akaipanda mpaka mnyororo ukapata moto, Spoki akiwa kando anashangilia kama mtu aliye uwanja wa mpira. Alipoteremka alibeba na ndoo ya maji, kwa kuonyesha tu. Asubuhi iliyofuata mikono ilikuwa imevimba, magoti yanawaka, na yeye hawezi hata kujifunua shuka.

"Si tulisema?" wakasema waliosema, na hata ambao hawakuwahi kusema.

Aliutupa ule mpira dirishani. Ukamwangukia Spoki begani, akaushika, akaingia nao ndani, akauweka juu ya kabati. Siku kadhaa zilipita ukiwa hukohuko juu. Binti Polepole alipompigia simu kuuliza mbona haonekani, Mama Hamira alimwambia amefika mwisho wa safari.

"Mama, hamira ukizidisha, mkate unakuwaje?" Binti aliuliza.

"Unavimba haraka," alisema mwokaji, "halafu unaanguka."

"Basi. Hujashindwa, umezidisha kipimo."

Wakaanza upya. Sasa alikuwa na kanuni. Maumivu ya mazoezi yakikaa zaidi ya saa mbili, siku inayofuata anapunguza. Siku ugonjwa unapoamka na hasira, haachi kabisa, bali anachezesha viungo taratibu ndani ya maji ya uvuguvugu na kuviambia pole. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya mwaka, ule mkazo wa asubuhi uliokuwa ukimshika mpaka karibu na adhuhuri ukawa unaachia kabla mikate ya kwanza haijaiva.

Dawa hajaziacha, na anamkemea yeyote anayemwambia aziache. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kimepinda na hakitanyooka. "Huyu ameshakuwa mzee wa ukoo," anasema akikionyesha. "Hafanyi kazi, lakini hatumfukuzi."

Ndipo alipomfuata shemeji yake na kudai meza. Ndipo shemeji, ambaye alikuwa tayari ameshakubaliana na fundi mwingine, alipompa Jumamosi hii.

Sasa jua limepanda. Mama Hamira anakata madonge kwa kisu kipana, anayaviringa kwa viganja viwili kwa wakati mmoja, anayanyoosha kuwa kamba nene na kuyasuka matatu matatu. Hakuna kidole kinachofanya kazi peke yake. Anasukuma kwa kiganja, kiganja kinasukumwa na mkono, mkono unasukumwa na bega, na bega linapata nguvu kutoka kwenye yale mapaja yaliyojifunza upya kusimama. Trei zinajaa. Mzee wa tanuri anaingiza na kutoa, na harufu ya mikate inawafanya wapita njia wapunguze mwendo.

Shemeji yuko mlangoni, shati lake la kola limenyooka, anaangalia saa. Hatabasamu, lakini hanuni pia.

Limebaki donge kubwa la mwisho. Mashine ya kukandia inaunguruma, unga umeanza kushikana, na Mama Hamira anaimba kwa pua. Ghafla mlio unashuka, unazubaa, unakufa. Taa zimezimika. Umeme umekatika.

Watu wote wanaiangalia mashine kama vile itaona haya na kuendelea. Haioni haya. Ndani yake kuna unga ambao si unga tena na bado si donge, na gari la shule litafika saa sita.

"Utolewe," anasema Mama Hamira. "Uletwe mezani. Utakandwa kwa mkono."

"Shemeji..." anaanza mwenye kiwanda.

"Uletwe!"

Unamwagwa mezani, mzito, unanata. Anaukatakata vipande, anaanza na cha kwanza. Anakisukuma mbele kwa kiganja, anakikunja, anakigeuza, anakisukuma tena. Uso wake unawaka. Tangu alipougua hajakanda unga namna hii, na sasa unamtii, unalainika chini ya mikono yake, na anacheka kwa sauti kama msichana.

"Mnaona? Mnaona lakini?" anasema. Spoki ameanza kushangilia kule pembeni. Cha kwanza kimekuwa tayari, cha pili kimekuwa tayari. Hata mzee wa tanuri, aliyekwisha maliza maneno yake ya siku, anasema, "Huyu ndiye yeye!"

Katikati ya kipande cha tatu, kicheko kinakatika.

Haangushi kitu. Hapigi kelele. Anasimama tu, kiganja cha kulia kimebaki ndani ya unga, na uso wake unasikiliza. Pale kwenye shina la kidole cha shahada kuna joto ambalo analijua vizuri. Amewahi kulidharau, likamlaza.

Anaangalia vipande vilivyobaki. Anamwangalia shemeji yake, na saa iliyo mkononi mwa shemeji yake. Spoki ameacha kushangilia. Kila aliyemo chumbani, mwandishi wa makala haya akiwamo, anaona wazi kwamba mwanamke huyu angeweza kuvimaliza vyote kwa ubishi, na kesho asiweze kufungua mkono.

Mama Hamira anautoa mkono kwenye unga.

"Naacha," anasema.

"Unashindwa?" anauliza shemeji, na sauti yake ina masikitiko ya kweli.

"Nani ameshindwa? Nimesema naacha. Vua hilo shati, shemeji, unawe mikono. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na wewe baba, sugua hiyo grisi mpaka ngozi iombe msamaha, uje hapa. Mzee, acha tanuri kidogo."

Yakafuata mambo ambayo kiwanda hicho kitayasimulia miaka mingi. Mwenye kiwanda, akiwa na fulana ya ndani, anapigana na donge. Mume mtu, mikono imekuwa myekundu kwa sabuni, anakanda kana kwamba anakaza nati. Mzee wa tanuri anafanya kazi yake kimya na vizuri kuliko wote wawili. Na Mama Hamira ameketi juu ya kiti kirefu, mikono yake ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, anafungua na kufunga vidole taratibu, na anaamrisha.

"Shemeji, hilo si jino bovu, usiling'oe. Sukuma! Tumia mwili, si vidole. Baba, geuza. Geuza! Bado."

"Bado?" analalamika shemeji, jasho likimdondoka puani.

"Bado. Na ole wako jasho liingie humo, mikate ina chumvi ya kutosha."

Anakuja, anabonyeza donge kwa kifundo cha kidole, analiangalia linavyorudi juu. "Bado." Anarudi kwenye beseni. Mara ya tatu anabonyeza na kutabasamu. Madonge yanafunikwa yaumuke karibu na tanuri, na muda huo wote yeye hasimami bure wala hajitesi. Anatembea uani kwenda na kurudi, mabega yakizunguka, mpaka lile joto la kidole linapoa.

Halafu anarudi mezani na kusuka.

Shemeji anaomba ajaribu mmoja, kwa kuwa amepata joto la kazi. Anachokitoa kinafanana na fundo la kamba ya kiatu. Mama Hamira anakichukua kwa heshima zote na kukiweka peke yake kwenye trei. "Huu utaula mwenyewe," anamwambia, na Spoki anacheka mpaka anashika ukuta.

Trei ya mwisho inatoka motoni wakati gari la shule linapiga honi mlangoni. Dereva analalamika kwa utani kwamba mikate imewahi mno, hajazoea. Mikate inapakiwa ingali moto, misuko imesimama, rangi ya kahawia yenye kung'aa, na hakuna hata mmoja uliolegea.

Gari linaondoka. Inabaki hukumu.

Mwenye kiwanda anavaa shati lake, lakini mikono inamtetemeka kwa kukanda na vifungo vinamshinda. Mama Hamira anamsogelea na kumfungia kimoja baada ya kingine. Vidole vyake vinafanya kazi hiyo polepole, na vinaimaliza.

"Nikwambie kilichokuwa kinaniogopesha?" shemeji anasema. "Sikuogopa kwamba huwezi. Niliogopa utajikaza mpaka uanguke, nikose mikate nikukose na wewe, halafu nitamwambia nini kaka yangu. Leo umeacha mwenyewe, tena mbele ya watu, na oda imetoka. Mtu wa hivyo namwachia meza."

Anatoa simu, anaiweka sikioni palepale mbele ya wote. "Ndugu yangu, samahani sana," anasema. "Kuhusu ile nafasi ya Jumatatu, imempata mwenyewe."

Vigelegele vinavyofuata vinatoka kaunta, vinatoka uani, vinatoka hata kwa wateja ambao hawajui wanashangilia nini. Spoki anamkumbatia mkewe mbele ya kadamnasi. Mama Hamira analia na kucheka, unga umemjaa mashavuni, na anarudia neno moja tu: "Yangu. Yangu."

Alipotulia, alikuwa na ombi jingine, na inaonekana alilipanga zamani. Kila siku kuna muda ambapo unga umefunikwa unaumuka na mafundi hawana la kufanya zaidi ya kusengenya. Anataka muda huo, mara mbili kwa wiki, apewe uani kwa ajili ya watu wenye baridi yabisi. Binti Polepole ameshakubali kuja kusimamia na kumpimia kila mtu kipimo chake. Spoki ameshakata mipira.

"Uani ni pako," shemeji alijibu. "Na mimi nitakuja. Leo nimejua kwamba nina mabega."

Mwanafunzi wa kwanza hakungoja wiki ianze. Wakati kaunta inakaribia kufungwa, mteja mmoja, mama wa makamo, alibaki nyuma baada ya wenzake kuondoka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefichwa chini ya mtandio. Alisema kwa sauti ya chini kwamba na yeye ameambiwa ana ugonjwa huohuo, mwezi huu, na tangu siku hiyo hajatoka nyumbani isipokuwa leo. Amesikia vigelegele akauliza kuna nini, na amekuja na swali moja.

"Dada, kwani mazoezi haya yanaponya?"

Mama Hamira alizunguka kaunta, akaja akasimama naye upande mmoja.

"Kupona?" alisema. "Mwenzangu, mimi mwenyewe sijapona. Lakini watoto wa shule nzima leo wanakula mikate niliyoisuka kwa mikono hii."

Yule mama aliitazama ile mikono, na kidole kile kilichopinda. Kisha akautoa wa kwake chini ya mtandio, akaunyoosha mbele, na kuuliza waanzie wapi.